Nani Atachinja

Tulikaa juu ya marobota ya pamba, lori likitoka Nkololo, mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mbele yangu walikuwa majirani wawili: Khatibu, Mwislamu mwenye duka, na Maganga, Mkatoliki aliyekuwa amemzika mkewe, Kwandu, juma moja kabla.

"Ulikuja msibani kwangu ukakataa nyama," alisema Maganga.

"Kila msiba mnaniita nichinje ili tule wote. Safari hii nafika, ng'ombe keshachunwa!"

"Vijana wa kanisani walikuwa na haraka."

"Miaka yote haraka hiyo ilikuwa wapi?"

"Kwandu alimnyonyesha mwanao, Khatibu. Ukakataa hata tonge moja la msiba wake?"

"Nilikuja na kisu, bwana. Nilikinoa huku nalia."

Nimezunguka vijiji vingi, na kila mwenyekiti anatuhutubia kwamba sisi ni ndugu. Hawa wawili hawakungoja kuhutubiwa ili wawe ndugu, ndiyo maana nyama ile iliwauma.

"Siku ya kumaliza matanga, nani atachinja?" Khatibu aliuliza.

"Vijana wamesema watachinja wenyewe."

"Na wewe mwenye msiba umesema nini?"

Lori likasimama Bariadi. Maganga alitangulia kushuka, akanyoosha mkono kumpokea mwenzake. Khatibu akashukia upande wa pili.