Gramafoni Iliyotoka Mvunguni

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Bi Mkasi, fundi cherehani, na mguu wake mmoja umetegemezwa kwa tofali kwa sababu seremala aliyelitengeneza alikuwa na haraka zake. Mimi nakaa upande wa tofali na sanduku langu la kushonea viatu. Ndiyo maana wananiita Kiraka. Anayenifuata ni Spoku, fundi baisikeli, ambaye hajui kukaa bila spana mkononi. Kisha Kalamu, karani mstaafu, aliyesoma kila kitu isipokuwa nyuso za watu waliomchoka. Mbele yetu, amechuchumaa nyuma ya birika, yuko Redio, muuza kahawa, ambaye habari akiisikia asubuhi, jioni imekwisha ota mkia na pembe. Hatuna mwenyekiti wala ajenda. Tuna ubishi wetu, na asiyeutaka apite upande wa pili wa barabara.

Juma hilo ubishi ulitoka mvunguni mwa kitanda cha marehemu mama yake Bi Mkasi. Lilikuwa sanduku jeusi, kama la msafiri, kona zimebanduka, na ubavuni lina tundu la kuingizia mpini. Ukiinua kifuniko unakuta sahani ya kuzunguka, mkono wa chuma, na mfuko wa kuwekea santuri, na ndani ya mfuko imebaki santuri moja tu, maandishi yake yamefutika. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kaka yake Bi Mkasi, tunayemwita Bwana Tai kwa kuwa hata sokoni huenda na tai shingoni, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Ijumaa anakuja kuichukua. Ni gramafoni ya baba, alisema, na kitu cha baba hukaa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Ataiweka sebuleni juu ya kabati la vioo na kuualika ukoo uje kuitazama. Bi Mkasi akamwambia ilikuwa ya mama. Kaka akacheka. Mama, alisema, aliiogopa hata kuifuta vumbi.

Basi Bi Mkasi alilitoa sanduku nje, akaliweka juu ya stuli mbele yetu.

Bi Mkasi: Nataka mniambie hiki ni kitu gani, kimetoka wapi, na kama kinaweza kusema tena. Ikiwa ni cha baba, nitakibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa kaka. Ikiwa ni cha mama, atarudi mikono mitupu.

Kalamu: Usiwe na shaka. Hapa kuna elimu.

Alivaa miwani. Ndani ya kifuniko palikuwa na alama ya duara, mahali nembo ya kampuni ilipobanduka, na duara hilo ndilo lililotuponza.

Kalamu: Nembo ya duara. Zamani duara hawakupewa watu hivi hivi. Chombo hiki kilitengenezewa jumba la mfalme.

Spoku: Mfalme gani anasikiliza muziki kwenye begi?

Kalamu: Mfalme aliyepinduliwa. Anakimbia na wimbo wake. Chanda chema huvikwa pete.

Mimi: Hiyo inahusu nini?

Kalamu: Duara. Pete. Malizia mwenyewe.

Redio: Mzee umekaribia, lakini si mfalme. Ni jasusi. Jiulizeni, kwa nini sanduku ni jeusi?

Mimi: Hata viatu vyako ni vyeusi.

Redio: Na umewahi kujua huwa naenda wapi navyo?

Redio alijimiminia kahawa yake mwenyewe, jambo analolifanya akiona ameshinda, akaendelea kutufahamisha kwamba ile santuri haikuwa wimbo hata kidogo. Ilikuwa amri iliyofichwa. Ikipigwa tu, kuna mtu mahali fulani, sasa ni mzee wa wajukuu, atasikia, atavaa koti lake, na ataondoka kwenda kumaliza kazi aliyotumwa.

Spoku: Atasikiaje kutoka huko aliko?

Redio: Ndiyo ufundi wenyewe.

Bi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. Nilimwona uchovu unamwingia. Alitaka mama yake arudishiwe kitu kimoja tu, nasi tulikuwa tunampa wafalme na majasusi. Nilisema, na sikusema kwa upole, kwamba anayejua kufungua skrubu afungue, na asiyejua afunge mdomo.

Spoku akafungua. Chini ya ubao kulikuwa na mashine kamili: springi imejikunja ndani ya kopo lake, meno ya shaba, na vyuma vitatu vidogo vinavyotanuka vikizunguka. Springi ilikuwa nzima, ila grisi yake ilikuwa imeganda ikawa gundi.

Redio: Samaki mkunje angali mbichi.

Spoku: Hii ukiikunja vibaya itakufumua meno, ndipo utajua nani mbichi.

Akailegeza taratibu, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi mpya ya baisikeli. Siku zilizofuata kila mmoja alipata kazi, hata kama hakuomba. Mimi nilizigundisha kona za sanduku na kuzipaka rangi ya viatu. Kichwa cha sauti, kile cha mviringo kinachoshika sindano, kilikuwa na utando mwembamba kama kucha ulioshikwa kwa mpira, na mpira umekauka kama biskuti. Spoku akakata mpira mwembamba wa nozeli ya baisikeli akauzungushia, ukakaa kana kwamba ulizaliwa humo. Kalamu alipewa kitambaa afute shaba, akaifuta huku akituhutubia juu ya wafalme. Redio alikataa kuigusa. Alisema ana familia.

Lakini sahani ilipojaribiwa, ilikimbia mno. Spoku akarudi chini ya ubao na tochi.

Spoku: Nimeona. Hapa kwenye breki yake, panaposuguliwa ili mwendo upungue, palitakiwa pawe na ngozi safi ya kiwandani. Mtu katia kitambaa chakavu. Takataka tupu.

Alikikwanyua kwa bisibisi, akataka kukitupa mtaroni. Bi Mkasi alikuwa ametoka na suruali ya Kalamu mkononi, aliyokuwa akiipandisha pindo. Akaidondosha chini.

Bi Mkasi: Kilete hapa.

Kilikuwa kipande kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, cha kitambaa kizito cha koti. Kimekunjwa mara mbili na kushonwa ukingo mzima kwa uzi mweusi, kimekaa katikati ya kiganja chake. Alikigeuza, akakiinua kwenye mwanga.

Bi Mkasi: Tazameni mishono inavyolala. Sisi wote tunaoshona kwa mkono wa kulia, inalala hivi. Hii imelala kinyume. Mama alikuwa mashoto. Nilipokuwa mdogo nilijaribu kumuiga, nikaharibu nguo za watu, akanichapa vidole akaniambia, usishone mkono wangu, shona wako.

Alilia pale pale mbele yetu, wala hakugeuka ukutani. Spoku alishika bisibisi yake kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani kwapani. Nami roho iliniuma, kwa maana mama yule nilimwona miaka mingi ameinamia cherehani yake humu dukani, na sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyependa muziki.

Ila Kalamu ni Kalamu.

Kalamu: Pole sana, mwanangu. Lakini tuseme kweli. Kushona si kumiliki. Wewe umeshona suruali yangu. Je, suruali ni yako?

Bi Mkasi: Suruali uliniletea wewe. Hii nani alimletea mama? Mtu kafungua skrubu, kaingia mpaka huku chini, kajua kilichokwisha ni kipi, kakata kingine, kakishona ukingo kisifumuke, kakirudisha mahali pake na ikaimba. Huyo ndiye aliyekuwa akiiogopa hata kuifuta vumbi?

Kalamu aliokota suruali yake, akaikung'uta mavumbi, akasema mahakamani hilo lingehitaji shahidi. Bi Mkasi akamjibu kwamba hapa si mahakamani. Akakipaka kile kitambaa tone la mafuta ya cherehani na kukirudisha mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia. Sahani ikazunguka kwa mwendo wa heshima.

Redio: Sasa imekuwa pole mno. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Ijumaa Bwana Tai alikuja na tai nyekundu, na nyuma yake mchukuzi na mkokoteni, mtu wa makamo ambaye hakuna aliyemfahamu pale. Mchukuzi alisalimia, akakaa juu ya mkokoteni wake, akaagiza kahawa. Bwana Tai hakukaa. Alisema amefurahi kuona sanduku limetakata, na kwamba wazee wa ukoo wangetushukuru.

Bi Mkasi alimwonyesha mishono. Alimweleza habari ya mkono wa kushoto kama alivyotueleza sisi. Kaka alisikiliza akiangalia saa.

Bwana Tai: Mdogo wangu, mama tulimpenda sote. Lakini mama alikuwa mtu wa sindano na pindo. Mambo ya muziki yalikuwa ya baba. Na hata kama aliwahi kutia kiraka, leo yuko wapi wa kusema? Asiyekuwepo na lake halipo.

Methali kwenye benchi letu hupigwa ovyo kila siku na hakuna anayeumia. Ile iliumiza. Hata Redio alishusha birika. Nilitaka kusimama nimwambie maneno ambayo mtu wa rika langu hamwambii mwenye tai, lakini Bi Mkasi alinitazama, nikabaki na sindano yangu ya viatu.

Bi Mkasi: Sawa, kaka. Kabla hujapakia, isikilize kwanza.

Akaichomoa santuri mfukoni mwa kifuniko. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu, na Redio, akijisogeza nyuma ya nguzo kwa kumhofia yule jasusi wake, alitukumbusha kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Bi Mkasi akatia sindano mpya, akazungusha mpini mara chache tu, akafungua breki.

Ikakwaruza. Kisha ikaimba.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, inatoka mbali, na nyuma yake vinanda. Mkwaruzo ulimkatiza kila mzunguko, naye akaimba juu yake bila kujali. Mwanamke aliyekuwa anapita na mtungi wa mafuta alisimama. Spoku aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ekseli. Kalamu alivua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutaja mfalme.

Bwana Tai alifumba macho. Uso wake ulilainika. Akawa mtoto wa mtu.

Bwana Tai: Ndiyo wimbo wenyewe. Jioni baba anarudi kazini, anakaa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli. Wimbo huu unaisha, unaanza tena. Unaisha, unaanza tena. Mpaka anasinzia. Hata mara moja hakuwahi kuinuka pale kitini.

Hapo sauti ilianza kuzama. Mwanamke wa ndani ya sanduku akawa mzito, akawa mwanamume, akawa mtu anayesinzia. Springi ilikuwa inaishiwa.

Spoku: Mpini, bwana. Zungusha.

Bwana Tai alifumbua macho, akaukamata mpini kwa haraka na kuuzungusha. Aliuzungusha kinyume. Ukajifungua kama skrubu na kutoka ubavuni, akabaki nao mkononi, huku wimbo ukizimika katikati ya neno.

Hakuna aliyecheka, na sisi ni watu wa kucheka. Mchukuzi alikunywa funda lake la mwisho, akakishusha kikombe juu ya mkokoteni. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka tu kuelewa mzigo anaoubeba.

Mchukuzi: Samahani, mzee. Kama baba hakuinuka kitini, nani alikuwa anazungusha?

Redio, mwenye jibu la kila kitu, alikagua birika lake. Bwana Tai aliutazama mpini, kisha akautazama mlango wa duka, palipo na cherehani ya mama yao na kiti chake kilicholika upande mmoja.

Bi Mkasi alimfuata, akautoa mpini mkononi mwake bila kumnyang'anya, akauingiza tunduni na kuuzungusha, taratibu, upande wake unaotakiwa. Sauti ikapanda kutoka huko ilikozama. Ikawa mwanamume, ikawa mwanamke, ikarudi kwenye neno lake na kulimaliza.

Bi Mkasi: Mama hayupo, kaka. Lake lipo.

Kahawa ilikuwa imekwisha, na kawaida yetu kahawa ikiisha kila mtu anashika njia yake. Siku hiyo Redio alisogea kutoka nyuma ya nguzo, akakaa. Bwana Tai alilegeza tai yake. Mchukuzi alikuwa bado anangoja kujibiwa.