King'ora wa Wodi ya Wazazi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka Jumatatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa mkunga. Mkunga kwa miaka thelathini na sita, katika wodi ileile moja, yenye madirisha ya kijani na vitanda kumi na viwili. Wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake la kwenye kitambulisho. Mlijua lile la wodini: King'ora.

Naam, King'ora. Nasikia wengine mmeshacheka huko. Wengine hamkucheka, na sababu naijua.

Mimi mtangazaji wenu nilipokelewa na mikono yake. Mama yangu husema watoto wengine hulia wakichapwa kofi la matakoni, mimi nililia niliposikia tu sauti ya sista.

Sauti ile ilitoka wodini, ikapita dirisha la dawa, ikafika getini, na mlinzi akasimama wima. Mwanamke akilia kwa uchungu, King'ora humjibu: "Kelele za nini? Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba, uliniita?" Mwingine akisita kupanda kitandani: "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa duniani?"

Hakuwa mvivu. Nalirudia hilo, hakuwa mvivu, na mikono yake ilikuwa hodari. Lakini mdomo wake uliumiza watu. Mwanamke anaweza kusahau uchungu wenyewe. Maneno aliyoambiwa akiwa kwenye uchungu hayasahau.

Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, alinieleza juzi sebuleni kwao: "Mama aliamini ukali ndio unaookoa. Sista aliyemfundisha kazi alikuwa akiwachapa wazazi makofi ya mapajani. Mama akajiona mpole, kwa kuwa yeye hapigi mtu."

Basi ikawa siku moja, Jumatano. Mama mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, alifika hospitali saa nne asubuhi, uchungu umeshamkolea. Akamuuliza mlinzi, "Leo zamu ya nani?" Mlinzi akamtajia. Yule mama hakuingia wodini. Alizunguka nyuma, akaingia chumba cha kufulia, akajificha katikati ya marundo ya shuka. Alishapiga hesabu yake: zamu inabadilika saa nane mchana, atajikaza mpaka hapo.

Mtoto hakungoja saa nane.

Mfuaji wa hospitali, mama mnene mwenye maneno mengi, alikuwa nje akianika. Aliporudi na beseni lake alikuta kichwa cha mtoto kimeshatoka. Akapiga ukelele, na King'ora akaja mbio. Kamba ya kitovu ilikuwa imejizungusha shingoni mwa mtoto, rangi imeshambadilika. King'ora akaitoa, akamfuta, akampulizia pumzi, akampulizia tena. Mtoto akalia. Ni wa kike, na yu hai mpaka leo, nawaambia mapema msije mkapandwa na presha.

King'ora akamkabidhi mama mtoto wake, kisha akafoka kama kawaida yake: "Kwa nini hukuja wodini wewe?"

Yule mama alimkumbatia mtoto, akampa sista mgongo, akajikunja juu ya mwanawe, vile mtu anavyomkinga mtoto akiona mbwa mkali. Akasema bila kumtazama: "Nilikuwa nasubiri uondoke, sista."

Yule mfuaji, sasa mstaafu, anakumbuka: "Alikaa chini palepale, kwenye maji ya sabuni, na sare yake nyeupe. Nilikuwa namjua miaka kumi na moja, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumwona amenyamaza."

Kesho yake asubuhi King'ora alimfuata mfuaji. Chumba cha kufulia na wodi vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Akamwambia, "Shoga yangu, ukinisikia napaza sauti, kohoa." Mfuaji anacheka mpaka leo: "Wiki ile nilikohoa hadi daktari akanipeleka kupimwa kifua!"

Lakini sifa mbaya hufika kabla ya mwenyewe. Alianza kubisha hodi nje ya pazia. Alianza kuwauliza wazazi majina yao. Nao wakazidi kuogopa, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku moja mzazi alimshika mkono, akamuuliza, "Sista, mbona unaongea nami taratibu hivyo? Mtoto wangu amekufa?"

Siku hiyo, binti yake anasema, King'ora alirudi nyumbani akalia, hata chakula hakugusa.

Wenzake kazini walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. "Mpeni mwezi mmoja tu, atarudia," wakasema. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Si kwamba hakuteleza. Aliteleza sana. Ila akishamfokea mtu, alirudi kitandani kwa mzazi huyo na kumwomba radhi mbele ya wote waliosikia.

Alikwenda pia nyumbani kwa yule mama wa chumba cha kufulia. Mara mbili mama mkwe alimwambia mlangoni kuwa mkwewe hayupo, na huku sauti ya mkwe inasikika ndani. Mara ya tatu yule mama alitoka mwenyewe. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusikia. Lakini usije tena." Hakuenda tena.

Baada ya miaka mitatu yule mama alikuja kujifungua mtoto wa pili. Zamu ilikuwa ya King'ora. Akasema waziwazi, "Namtaka mwingine." King'ora akamjibu, "Ni haki yako, mama." Akamwita mwenzake, akatoka nje, akakaa kwenye benchi na mama mkwe, ameupakata mkoba wa yule mzazi, mpaka mtoto alipolia. Mama mkwe ndiye aliyezitangaza habari hizo mtaani. Na mnajua mama mkwe akiamua kutangaza, sisi wa redio tunakaa pembeni.

Nilimpigia simu yule mama jana. Aliniambia: "Hatukuwahi kuwa marafiki. Sikusahau. Ila binti yangu yule aliyezaliwa kwenye shuka ulipofika wakati wake wa kujifungua, nilimpeleka mwenyewe. Nikauliza zamu ya nani. Wakaniambia ni yake. Tukaingia."

Wapo ambao hawakumsamehe. Wameniandikia asubuhi hii, na nimesoma kila ujumbe. Siwalaumu. Binti yake naye hawalaumu.

Wasikilizaji wapendwa, leo jioni mkifika nyumbani, tazameni watu wananyamaza kwa nini mkiingia: ni heshima, au ni woga? Bado hamjachelewa.

Kwa binti yake, kwa wajukuu wake wanne na kwa mdogo wake aliyemuuguza, poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Mazishi ni kesho saa tano asubuhi. Wauguzi wa zamu hawatakuwepo makaburini, msiwafikirie vibaya. Aliagiza mwenyewe kabla hajakata kauli: "Mtu asimwache mzazi peke yake kwa ajili yangu."