Mama Kitambaa na Mashine Thelathini na Tisa

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi, mkuu wetu wa chumba cha vipimo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha ukurasa huu wa kijitabu cha leo. Nitajitahidi. Lakini nimefanya naye kazi miaka kumi na sita, meza yangu ikitazamana na yake, na leo nina hasira. Wenye haraka ya keki wanivumilie.

Alianza kama muuguzi wa wodi, kisha akahamishiwa chumba cha vipimo: dirisha moja, sinki linalovuja, viti viwili visivyolingana. Kazi yake ilikuwa kuvipima vipimo. Hakuna mashine ya presha iliyomgusa mgonjwa kabla ya kupita mikononi mwake. Miaka ya karibuni zilianza kuja zile ndogo za kuvaa kiunoni, mkanda ukiwa mkononi, zinazopima zenyewe kila nusu saa huku mtu akiendelea na shughuli zake. Daktari anataka kujua presha ya mtu anayeishi, si ya mtu aliyekaa kwa adabu dakika tano kliniki.

Jina la Mama Kitambaa alilipatia chumbani humo. Wakati wa majaribio, mkono mmoja wa mtu hufungwa mashine mpya, wa pili hufungwa kipimo cha zamani cha zebaki, naye husikiliza kwa stetoskopu. Kioo cha mashine hufunikwa kwa kitambaa cha kijani alichokikata kwenye shuka kuukuu la wodi. Unaandika kwanza ulichosikia, ndipo unafunua. Aliyekigusa kitambaa kabla ya kuandika alirudia zoezi zima, tangu mtu wa kwanza. "Ukishaiona namba, utaisikia hata kama haipo," alituambia mpaka tukachoka.

Kisha kila aina ya mashine aliivaa mwenyewe siku nzima. Alipanda nayo ngazi akiwa na ndoo ya maji, alifua nayo mablanketi, alipanga nayo foleni. Mwaka jana lilipoletwa boksi la mashine arobaini, alivaa moja akaenda kwa wifi yake, mwanamke ambaye hajawahi kukubaliana naye hata kuhusu hali ya hewa. Daftari lake bado lipo: "Saa nane mchana. Nagombana na wifi. Mashine inasema 118 kwa 76. Asubuhi nikiwa nimelala ilisema 118 kwa 76. Mwongo huyu." Tulicheka hadi machozi.

Halafu akaeleza kosa lenyewe, na kicheko kikakoma. Mkono ukitikisika, mashine ile ilishindwa kupima, na badala ya kukiri kuwa imeshindwa, ilirudia namba ya mwisho iliyowahi kuipata. Aliandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi moja: zirudishwe zilikotoka.

Mkurugenzi wa hospitali hakuisoma. Alisema, "Wagonjwa wanasubiri huduma, huyu mama anasubiri nini?" Akampeleka kwenye semina ya siku tatu ya kutunza mafaili, yeye ambaye mafaili yake ndiyo pekee yanayoonekana katika jengo hili. Siku ya pili ya semina hiyo, akaniita mimi nirudie majaribio. Watu thelathini, matokeo yawe mezani kwake kabla ya saa sita.

Kitambaa kilinichelewesha. Nikakitoa, nikakitia kwenye droo.

Mtu wa nne alishuka ngazi akihema. Nilisikia mdundo wa kwanza kwenye 152. Nikaangalia kioo: 126. Nikajiambia masikio yamechoka, nikaandika 130. Baada ya hapo mimi na mashine tulielewana vizuri mno. Mkurugenzi alinipa mkono na kuniita mtaalamu, nami nikatembea kifua mbele.

Aliporudi, Mama Kitambaa aliitazama karatasi yangu. "Kitambaa ulikiweka wapi?" Nikamwambia droo. Hakupandisha sauti. "Rudia, mdogo wangu." Sikurudia. Mashine zilikuwa zimeshagawiwa. Aliandika barua tatu zaidi, na kila mara aliniomba nitie sahihi yangu chini ya yake. Kila mara nilikuwa na kazi nyingi.

Dereva wetu wa gari la wagonjwa, mliyezoea kumsikia akiimba uani, alivalishwa moja ya mashine hizo. Siku nzima ya kubeba machela, ilisema 124. Akapunguziwa dawa zake za presha. Wiki tatu baadaye mkono wake wa kulia ulikataa kugeuza ufunguo wa gari. Leo amekaa safu ya pili na mke wake. Ni kiharusi, waheshimiwa, si "uchovu wa kazi" kama lilivyoandika tangazo la ofisi. Na aliyeiandika ile 130 ni mimi, mwenye ukurasa huu.

Hayo ndiyo mafanikio ya mstaafu wetu: alikuwa sahihi, akaachwa peke yake. Hajawahi kunitaja kwa mtu. Nilimwambia anitaje, akasema kutajana si kazi ya chumba cha vipimo.

Kamati ilipomuuliza zawadi anayoitaka, ilitarajia saa ya ukutani. Aliomba mashine zile zivuliwe mikononi mwa watu. Kamati ikampelekea ombi Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaidhinisha saa ya ukutani.

Dada yetu, tunakushukuru kwa kila namba uliyokataa kuipitisha. Wiki hii nimewapigia simu wagonjwa wote, mmoja baada ya mwingine. Mashine thelathini na tisa zimo kwenye kabati la chumba chako, zimefungiwa. Ya arobaini mke wa dereva amekataa kuirudisha, na hakuna mwenye uso wa kwenda kuidai. Juu ya kabati nimeacha karatasi mpya ya majaribio, namba zangu zote thelathini za siku ile zikiwa na maelezo ya jinsi nilivyozipata, na sahihi yangu.

Ufunguo wa kabati umo kwenye boksi la saa, umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Mkurugenzi atakukabidhi kwa mikono yake mwenyewe, akitabasamu mbele ya kamera. Usiogope kwamba atausoma ukurasa huu kabla ya hapo. Kurasa kumi na moja zako hazikumshughulisha, huu mmoja atauanzia wapi?

Nenda ukapumzike, presha yako ibaki chini hata mbele ya wifi. Ya kwetu iache ipande kidogo.