Sauti ya Sumiyo

Kwenye tramu ya Osaka, mama mmoja muuza samaki alikuwa akimtetea Mikage Sumiyo, nyota wa kike wa filamu bubu. "Juzi nimemwona kwenye hizi filamu za kusema. Wamemtia sauti ya kifaranga. Ile si yake."

Kijana jirani yake akacheka. "Mama, ile ndiyo yake. Zamani ulikuwa unamsikia msimulizi, yule mwanamume aliyesimama kando ya pazia la sinema akiwasemea waigizaji wote."

"Unanifundisha sinema, wewe? Sumiyo kaachwa, kafiwa, kafa mwenyewe mara mbili tatu, na mimi nalia naye. Sauti ni ile ile siku zote, nzito, ya kukwaruza. Leo uniambie simjui?"

"Lakini ni ya mwanamume."

"Hayo ni yake na miungu yake."

Mimi nilikuwa upande wa kijana, ila yule mama nilimwogopa.

Tramu ikasimama. Nyuma yetu akainuka mzee mwenye kofia iliyochakaa, ambaye safari nzima hakuwa amefungua kinywa. "Naomba kupita," akasema, kwa sauti nzito, ya kukwaruza.

Mama akavuta kapu lake haraka kumpisha, akainama kwa heshima, kisha akamgeukia kijana.

"Huyo ndiye Sumiyo."