Miche ya Mringaringa na Jani la Isale

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu mnaonong'ona huko nyuma, tulieni kidogo, leo ni zamu yangu ya kusimulia.

Mume wangu alifariki miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka. Mibuni ikaugua, dawa hazinunuliki, ikakauka. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, akaja uani akaniambia mbele ya binti zangu: "Kihamba hakiachwi kitupu. Masika yakikukuta hujapanda kitu cha maana, ukoo unakichukua."

Kihamba, akina mama, shamba la urithi lenye nyumba yetu! Mume wangu kazikwa humo. Ningekwenda wapi na watoto?

Nikaokota matunda ya mringaringa, ule mti wetu wa mbao na kivuli, nikatoa ute wake, nikaanika mbegu kivulini. Vyungu nilisuka kwa maganda makavu ya mgomba. Nikasia, nikangoja. Kimya! Nikawa nachokonoa udongo kwa kidole kama mwehu. Siku nilipoona jani la kwanza, nililia.

Kiangazi kikaingia. Mnajua maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kutoka mlimani, yanagawiwa kwa zamu. Na mgawaji alikuwa nani? Shemeji huyo huyo. Zamu yangu ikifika, maji yanageuziwa kwingine. Nikabeba ndoo kutoka bondeni mpaka shingo ikakakamaa, na bado miche ilinyauka.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikasirika. Lakini ningegombana naye, miche ingekufa nikiwa nabishana. Siku ya kusafisha mfongo, watu wote wapo, nikachuma jani la isale, lile la kuombea msamaha, nikalifunga fundo, nikamwendea.

Jirani akanivuta kanga. "Wewe ndiye uliyekosewa. Unaomba msamaha wa nini?"

Nikapiga goti. "Shemeji, kama nimekukosea, nisamehe. Naomba maji."

Kwetu isale halikataliwi. Lakini yeye alisimama tu, jembe mkononi, asilipokee. Niliogopa, sitawaficha. Mzee mmoja akakohoa. Ndipo shemeji akalipokea, na bila kunitazama akafungua maji yangu.

Masika nilipanda miche yangu. Asanteni ninyi mliochimba mashimo pamoja nami, mvua ikitunyeshea. Nami nasema hivi: kuinama si kushindwa, mradi unajua unachokiinamia.

Miaka ikapita. Juzi kwenye kikao cha ukoo, kijana mmoja akauliza kihamba changu atarithi nani. Kabla sijafungua mdomo, shemeji alisimama. "Ni cha mama huyu na binti zake," akasema. "Asikiguse mtu."