Vifungo vya Optatus

Kwenye Hiace ya kwenda Ruhuwiko, Ludovika alikuwa akimrudisha nyumbani mumewe, Optatus, kutoka kituo cha kuuguza waliopooza. Mama wa kiti cha jirani, aliposikia wanakotoka, akaguna.

"Kituo kile? Wahudumu wavivu! Mgonjwa mkono hauna nguvu, wanamwachia afunge vifungo mwenyewe."

"Dada, nyumbani nilimvisha na kumlisha mimi, akazidi kulegea," Ludovika akajibu. "Kule siku ya kwanza alilia. Leo kavaa shati peke yake."

"Kumliza mtu mzima ndiyo huduma?"

Gari likasimama. Yule mama akainuka amshike Optatus.

"Nipishe tu, mama," Optatus akasema, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Ludovika akamfuata na mabegi, akicheka kwa sauti, hata kuaga akasahau.