Jioni Askari Walipoingia kwa Mama Zaina

Tulikuwa tunavuka mto kutoka Alunguli kwenda Kindu kwa pirogi, mtumbwi wa moteri. Mbele yangu mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa anamsimulia jirani yake, mama asiyemjua, habari za baa ya Mama Zaina.

"Wakati wa vita, askari waliingia na bunduki, sisi tunacheza muziki. Watu wote wakaganda. Mimi mwenyewe njo nilimushika mukubwa wao mukono: afande, hapa mutu anacheza kwanza. Akacheza mpaka jasho! Hakuna mutu alikufa."

Yule mama alicheka. "Papa, njo mimi nilimushika mukono. Ninyi wanaume mulikuwa chini ya meza."

"Mama, ulikuwako?"

"Walikuja kumutafuta bwana yangu. Nilicheza na ule afande mpaka bwana akapita mulango wa jikoni. Leo bwana iko nyumbani, anakoroma."

Nilidhani mzee ameshindwa, lakini watu wa reli hawashindwi upesi.

"Basi," alisema, "afande alikuwa na mikono mbili."

"Wewe ulishika mukono gani?"

Pirogi ikagusa mchanga wa Kindu, na mzee akawa wa kwanza kuruka chini.